Sheria kali na bunduki nusu-otomatiki: ni mlango upi hasa unaofungwa?

Swali:

"Shikamoo mwalimu. Binamu yangu anaishi Texas na ana bunduki ya aina ya AR-15 aliyoinunua dukani kihalali. Sasa amepata kazi California na anataka kuhama nayo. Mwenzake kazini amemwonya asijaribu, atafungwa. Lakini yeye ameona maduka ya California yakitangaza bunduki zinazofanana na yake karibu kila kitu, tofauti ni umbo la kitako na mahali pa kushika. Tulipozungumza kwa simu tukaishia kubishana. Mimi nasema sheria kali hufanya silaha hizi zisipatikane, ndiyo maana Uingereza na Australia hatusikii watu wakipigwa risasi kila wiki. Yeye anasema sheria hizo ni maigizo: mfuata sheria ananyang'anywa, mhalifu anaendelea kupata otomatiki yake kama kawaida. Nani kati yetu yuko sahihi? Sheria kali huzuia kweli mtu kuipata bunduki ya namna hii, au hubadilisha sura yake tu?"

Jibu:

Marahaba. Ubishi wenu nimeukuta mara nyingi, na karibu kila mara huwa ni watu wawili wanaotumia neno moja kwa mambo tofauti. Neno lenyewe ni "kupatikana". Kuna kuipata bunduki mpya dukani. Kuna kubaki na ile uliyokuwa nayo kabla ya sheria. Kuna kuipata kwa njia ya panya. Sheria moja inaweza kufunga mlango wa kwanza kabisa, ikaacha wa pili wazi, na wa tatu ikaugusa kwa mbali. Wewe unautazama mlango wa kwanza wa Australia, binamu yako anautazama wa pili na wa tatu wa Marekani, kisha kila mmoja anamwona mwenzake hataki kuelewa.

Kabla sijafika huko, hilo neno "otomatiki" alilolitumia binamu yako lazima tulirekebishe, kwa sababu mjadala wote umejengwa juu yake.

Bunduki ya kukoki kwa mkono hufanya kazi hivi: unavuta kifyatulio, risasi inatoka, halafu mkono wako unarudisha bolti nyuma ili ganda litoke, unaisukuma mbele, risasi nyingine inaingia kwenye chemba. Nusu-otomatiki inakuondolea kazi hiyo ya mkono. Sehemu ya gesi ya baruti iliyowaka, au nguvu ya bunduki kujirudisha nyuma, ndiyo inayosukuma bolti. Ganda linaruka nje, springi inairudisha bolti mbele pamoja na risasi inayofuata kutoka kwenye magazini, yaani kisanduku kinachobeba risasi. Hapo inasimama. Lazima uachie kifyatulio uvute tena. Mvuto mmoja, risasi moja. Otomatiki kamili, yaani rashasha, haisimami: inamimina risasi mradi kidole hakijaachia na magazini haijaisha.

AR-15 inayouzwa kwa raia ni nusu-otomatiki. Herufi AR zinatokana na ArmaLite, kampuni iliyoibuni miaka ya 1950 kabla ya kuuza haki zake kwa Colt mwaka 1959. Rashasha ni habari nyingine kabisa. Mwaka 1934 sheria ya shirikisho la Marekani iliweka usajili na kodi ya dola 200 kila rashasha inapobadilisha mmiliki, fedha ambazo wakati huo zilikuwa bei ya bunduki yenyewe au zaidi. Mwaka 1986 Bunge likafunga daftari: rashasha iliyotengenezwa na kusajiliwa baada ya 19 Mei mwaka huo haiwezi kumilikiwa na raia wa kawaida. Zile chache za zamani sasa huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Kwa hiyo binamu yako anaposema mhalifu anapata otomatiki "kama kawaida", anapita mbali na ukweli. Vifaa haramu vya kugeuza silaha viwe rashasha vipo na polisi wa Marekani huvikamata, lakini kukutwa na kifaa hicho peke yake ni kosa la shirikisho. Na kama kuna sheria ya silaha nchini humo iliyopunguza upatikanaji kwa namna ambayo hata wapinzani wake hawaibishii, ni hiyo ya rashasha. Iliwezaje? Ilishika namna silaha inavyofanya kazi, sura yake haikuijali, na idadi ikagandishwa kabla silaha hazijazagaa.

Mambo hayo mawili, namna inavyofanya kazi na idadi iliyokwisha kusambaa, yashike. Mengine yote nitakayosema yanarudi hapo.

Mtunga sheria anayetaka kuzuia bunduki nusu-otomatiki anakutana na tatizo la jina. Ndani ya chuma, AR-15 na bunduki nyingi za wawindaji zenye kitako cha mbao hufanya kazi ileile moja. Moja inatisha kwa macho, nyingine inaonekana kama ya babu. Sasa uandike nini? Ukiandika "nusu-otomatiki zote", unawagusa wawindaji na wakulima, na pengine kura hazitatosha. Ukiandika "zile za kijeshi", itakubidi ueleze cha kijeshi ni kipi.

Marekani mwaka 1994 ilichagua njia hiyo ya pili. Sheria ya shirikisho iliyoanza 13 Septemba mwaka huo ilitaja silaha 19 kwa majina, kisha ikaweka kipimo cha sifa: bunduki nusu-otomatiki yenye magazini ya kuchomoa ikawa haramu ikiwa na sifa mbili au zaidi kati ya hizi: kitako cha kukunja au kurefusha, mshikio kama wa bastola, mahali pa kufungia singe, kifaa cha kupunguza mwako mdomoni mwa mtutu au nyuzi za kukifungia, na kifaa cha kurushia guruneti. Singe! Mpaka leo wanafunzi hucheka nikifika hapo, na sina la kuwajibu. Ilichukua muda mfupi sana kwa viwanda kutoa bunduki ileile bila mahali pa singe na bila kipunguza mwako, ikauzwa kihalali, na ikafyatua risasi ileile kwa kasi ileile. Sheria hiyo ilipewa miaka 10 na haikurudishwa ilipokwisha 13 Septemba 2004.

California ilitangulia. Mwaka 1989, baada ya wanafunzi kupigwa risasi katika shule moja ya Stockton, jimbo lilipiga marufuku orodha ya silaha kwa majina. Viwanda vikabadilisha majina. Mwaka 1999 jimbo likaongeza kipimo cha sifa, kikali kuliko cha shirikisho: sifa moja tu inatosha kuiharamisha bunduki yenye magazini ya kuchomoa. Viwanda vikaweka kitufe ambacho magazini haitoki mpaka ukibonyeze kwa kitu chembamba, hata ncha ya risasi, na kwa kuwa palihitajika kifaa, sheria ikaihesabu magazini hiyo kuwa haichomoleki. Mwaka 2016 jimbo likauziba mwanya huo. Ndipo zikaja bunduki za namna mbili alizoziona binamu yako: zile zisizo na sifa yoyote iliyokatazwa, zenye kitako cha ajabu kinachokunyima kushika kwa dole gumba, na zile ambazo magazini haitoki mpaka uifungue bunduki yenyewe.

Basi alichokiona ni kweli, na hitimisho lake ni nusu. Kwamba dukani kuna bunduki inayofanana na yake haimaanishi kwamba yake ni halali. Kwa sheria ya California, vile vipande vidogo anavyovidharau ndivyo mpaka kati ya mali na jinai.

Unaweza kuuliza kama vipande hivyo vina maana yoyote kwa usalama. Kwa maoni yangu vingi vina maana ndogo sana. Kitako cha kurefusha humsaidia mtu mfupi kushika bunduki vizuri, hakiongezi kasi. Kinachobadilisha kitu ni magazini. Mtu mwenye magazini ya risasi 30 anafyatua mara 30 kabla hajasimama, mwenye ya 10 atasimama mara mbili katikati ya idadi hiyo, na kusimama huko ndiko kumewapa watu nafasi ya kukimbia au kumrukia. Sheria ya 1994 ilikataza pia kutengeneza na kuuza magazini mpya za zaidi ya risasi 10, na ningekuwa mimi ninayeandika sheria, ningeanza na sentensi hiyo na kuiacha singe ipumzike.

Uingereza ilichukua njia ya kwanza. Tarehe 19 Agosti 1987 mtu mmoja aliua watu 16 katika mji wa Hungerford, akitumia silaha alizokuwa na cheti nazo. Mwaka uliofuata sheria ikapiga marufuku bunduki zote nusu-otomatiki zenye mtutu wa mifereji, isipokuwa zile za risasi ndogo za kalibri .22. Hakuna habari ya singe wala kitako. Kama gesi au nguvu ya risasi ndiyo inayoingiza risasi inayofuata, ni haramu, basi. Hata hapo wajanja hawakukosa. Zikabuniwa bunduki ambazo nguvu ya risasi hurudisha bolti nyuma, ganda likatoka, lakini bolti inanasa huko nyuma mpaka mpigaji abonyeze wenzo au avute kifyatulio mara nyingine ndipo irudi mbele. Kwa maneno ya sheria hazikuwa nusu-otomatiki. Kwa kidole zilikaribia sana. Bunge likazifikia kwa sheria ya mwaka 2019. Kumbuka lakini ukubwa wa mwanya huo: zilikuwa silaha chache mno, mikononi mwa watu wenye vyeti ambao polisi waliwajua kwa majina. Mwanya wa 1994 ulipitisha shehena nzima za madukani.

Msidhani ufundi wa maneno ni jambo dogo. Usiku wa 1 Oktoba 2017 huko Las Vegas muuaji alitumia bunduki nusu-otomatiki zilizofungwa kitako kinachocheza, ambacho hufanya kifyatulio kigongane na kidole mfululizo hadi milio isikike kama ya rashasha. Serikali ikatangaza kwamba vitako hivyo ni rashasha kisheria, marufuku ikaanza Machi 2019. Tarehe 14 Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaitengua kwa kura 6 kwa 3. Hoja ilikuwa ileile niliyoanza nayo: sheria inasema rashasha ni inayotoa risasi zaidi ya moja kwa tendo moja la kifyatulio, na kwa kitako hicho kifyatulio hutenda upya kila risasi.

Sasa idadi iliyokwisha kusambaa. Hapa ndipo maneno "sheria kali" hupotosha zaidi.

Sheria ya 1994 ilikataza kutengeneza mpya, lakini silaha zilizokuwepo kabla yake ziliachwa halali kuzimiliki na hata kuziuza. Mtafiti Christopher Koper na wenzake, waliotumwa na serikali kuipima, walikadiria kwamba wakati inaanza raia walikuwa na bunduki za kundi hilo zipatazo milioni 1.5, na silaha takriban milioni 25 zilizokuwa na magazini kubwa. Waligundua pia jambo ambalo mfanyabiashara yeyote angelitabiri. Miaka ya 1993 na 1994, marufuku ilipokuwa inanukia, bei za silaha hizo zilipanda kwa nusu na zaidi, viwanda vikatengeneza usiku na mchana, watu wakajaza makabati. Marufuku ilipoanza kulikuwa na akiba kubwa kiasi kwamba bei zikashuka tena karibu na zilipokuwa. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa ya mwanzo, mtu mwenye fedha na mtu wa kumuuzia hakusumbuka sana. Tishio la sheria liliongeza silaha kwanza, na sheria yenyewe ilihitaji muda mrefu kuliko ule iliopewa.

Australia ilianza na akiba. Baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur tarehe 28 Aprili 1996, majimbo na serikali kuu walikubaliana ndani ya siku 12. Nusu-otomatiki za risasi kubwa zikawekwa kwenye daraja ambalo raia wa kawaida haingii. Zile ndogo za .22 na bunduki za marisau nusu-otomatiki zikabaki kwa wachache, kama mkulima anayethibitisha kwamba wanyama waharibifu hawawezi kudhibitiwa vinginevyo. Na serikali ikanunua. Zaidi ya silaha 640,000 zilikusanywa na kuharibiwa, gharama ikilipwa kwa nyongeza ya muda kwenye tozo ya afya ya wananchi wote. New Zealand ilifuata njia hiyo baada ya watu 51 kuuawa katika misikiti miwili ya Christchurch tarehe 15 Machi 2019: Bunge lilipitisha marufuku kwa kura 119 kwa 1 chini ya mwezi mmoja, na hadi ununuzi ulipofungwa mwezi Desemba silaha zipatazo 56,000 zilikuwa zimekabidhiwa.

New Zealand ina funzo jingine, na nchi nyingi hulikosa. Kabla ya 2019 mtu mwenye leseni ya kawaida aliruhusiwa nusu-otomatiki yenye magazini ya risasi chache tu; yenye magazini kubwa ilihitaji kibali cha juu. Lakini magazini kubwa yenyewe, kama bidhaa, iliuzwa bila kibali. Muuaji alinunua bunduki kihalali kwa leseni ya kawaida, akanunua magazini kubwa kihalali, akaunganisha. Kila nusu ilikuwa ndani ya sheria na jumla yake ilikuwa nje. Nikiulizwa na mtunga sheria aanzie wapi kusoma, humpeleka hapo.

Mlango mwingine ni wa mtu mwenyewe, na sitaukalia sana kwa sababu hauhusu nusu-otomatiki peke yake. Australia unahitaji sababu ya kweli ya kumiliki, kujilinda si sababu, na unasubiri siku 28. Marekani, kwa sheria ya shirikisho, muuzaji mwenye leseni anaweza kumuuzia bunduki ndefu mtu wa miaka 18 baada ya ukaguzi wa historia yake, ukaguzi ambao hadi katikati ya 2022 mara nyingi uliisha kwa dakika, wakati bastola anasubiri miaka 21. Kijana aliyeua watu 21 katika shule ya Uvalde mwezi Mei 2022 alinunua bunduki mbili kihalali siku chache baada ya kutimiza miaka 18. Siku kumi kabla yake, Buffalo katika jimbo la New York, muuaji alikuwa amenunua bunduki iliyofuata masharti ya jimbo, yenye kifaa kinachozuia magazini isichomoke, kisha akakiondoa mwenyewe kinyume cha sheria. Mkasa wa kwanza unaonyesha mlango wa mtu ulivyokuwa wazi. Wa pili unaonyesha udhaifu wa kutegemea kipande kinachoweza kuondolewa. New York ilipandisha umri hadi 21 kwa bunduki nusu-otomatiki mwezi uliofuata.

Uswisi inawavuruga watu wa pande zote. Mwanajeshi anayemaliza utumishi anaweza kuichukua bunduki yake baada ya kuondolewa uwezo wa otomatiki, na mwezi Mei 2019 wananchi walipopigia kura masharti mapya ya Ulaya kuhusu nusu-otomatiki na magazini kubwa, karibu asilimia 64 walikubali. Silaha zipo, na mwenye nayo anafahamika.

Sasa hoja ya mhalifu. Binamu yako ana chembe ya ukweli ambayo usiipuuze: mtu aliyeamua kuvunja sheria ya mauaji haogopi sheria ya magazini. Lakini hoja inasahau kuuliza bunduki ya mhalifu imetoka wapi. Haioti shambani. Karibu kila silaha iliyo mikononi mwa mhalifu ilitoka kiwandani kihalali, ikauzwa kihalali angalau mara moja, kisha ikachepuka: imeibwa, imenunuliwa na mtu safi kwa niaba ya mchafu, au imeuzwa mkono kwa mkono bila ukaguzi, jambo ambalo sheria ya shirikisho la Marekani bado inaliruhusu kati ya watu binafsi wakazi wa jimbo moja. Maji ya juu yakipungua, mfereji wa chini nao hupungua, polepole. Ndiyo maana marufuku ya jimbo lililozungukwa na majirani wasio na marufuku, ambako barabara haina kizuizi, haiwezi kulinganishwa na marufuku ya kisiwa chenye forodha. California na Australia zaweza kuwa na maneno makali sawa na zikapata matokeo tofauti kwa sababu ya jiografia tu.

Pia wauaji wa halaiki kama wale niliowataja wengi si majambazi wenye mtandao wa magendo. Ni watu walioingia dukani. Mlango wa kwanza, ambao binamu yako anasema unamwumiza mwema peke yake, ndio walioupitia.

Hapo umeshinda wewe. Lakini usifurahi mno, maana upande wako nao unahitaji kusahihishwa. Unapohusisha utulivu wa Uingereza na marufuku ya nusu-otomatiki, unaipa sheria hiyo sifa nyingi kuliko inavyostahili. Mwezi Juni 2010 mtu mmoja huko Cumbria aliua watu 12 kwa bunduki ya marisau na bunduki ndogo ya kukoki, zote za halali, hakuna hata moja iliyoguswa na sheria ya 1988. Australia nayo, vifo vya bunduki vilikuwa tayari vinashuka kabla ya 1996, na wanatakwimu wanabishana mpaka leo ni kiasi gani cha mshuko wa baadaye ni cha sheria na kiasi gani ni mwendo uliokuwapo.

Na Marekani, bunduki ndefu si silaha inayoua wengi zaidi. Takwimu za FBI za mwaka 2019 zina mauaji 13,927. Bastola zilitajwa katika 6,368, na bunduki ndefu zenye mtutu wa mifereji, za kila aina pamoja, katika 364. Yako mauaji elfu tatu na ushei ya bunduki ambayo aina yake haikuandikwa, kwa hiyo 364 ni kiwango cha chini, lakini picha haibadiliki: marufuku ya AR-15 haiwezi kupunguza sana jumla ya mauaji, kwa sababu jumla hiyo imejengwa na bastola. Inachoweza kugusa ni matukio machache ya mauaji ya halaiki, na kwa kuwa ni machache, takwimu zake hubishaniwa daima. Taasisi ya RAND, ambayo kazi yake ni kupembua tafiti hizi, imeona ushahidi kuhusu marufuku ya bunduki zenyewe hautoshi kutoa hukumu, na ushahidi kuhusu kubana magazini kubwa una nguvu kidogo zaidi. Mimi nakubaliana nao, na ndiyo sababu nimekuchosha na habari za magazini.

Kwa hiyo nikiamua kesi yenu: sheria inayoshika namna bunduki inavyofanya kazi, inayoshughulikia akiba iliyopo, na yenye mpaka unaolindwa, hufanya bunduki nusu-otomatiki iwe adimu kweli, na wewe uko sahihi. Sheria inayoshika sura, inayoacha akiba, katika jimbo lisilo na mpaka, hubadilisha zaidi umbo na bei, na binamu yako yuko sahihi. Mnachobishania ni nchi mbili.

Nije kwenye jambo ambalo haliwezi kusubiri ubishi kwisha, yaani kuhama kwake. Mwenzake wa kazini amemshauri vizuri. Kama bunduki yake ni AR-15 ya kawaida ya Texas, yenye mshikio wa bastola na magazini ya kuchomoa, California inaihesabu miongoni mwa zilizokatazwa, na kuiingiza jimboni ni jinai nzito inayoweza kumletea miaka 4 hadi 8 gerezani. Yapo maneno ambayo huenda atayasikia kwa marafiki, kwamba mkazi mpya ana siku 60 za kuripoti silaha zake. Siku hizo zipo, lakini ni za silaha halali. Hazihalalishi iliyokatazwa. Vilevile atasikia kwamba sheria ya shirikisho ya 1986 inamlinda msafiri anayevuka majimbo na silaha iliyofungiwa bila risasi. Inamlinda yule ambaye silaha yake ni halali anakotoka na anakokwenda. Yeye anakokwenda si halali.

Njia alizonazo si mbaya. Anaweza kuiuza Texas kabla hajaondoka, na ningemshauri apitie kwa muuzaji mwenye leseni ili abaki na karatasi. Anaweza kuiacha huko kwa ndugu anayeruhusiwa kumiliki silaha. Au anaweza kumpelekea fundi mwenye leseni anayezijua sheria za California aibadilishe iwe ya umbo linalokubalika, kabla ya kuvuka mpaka, kamwe si baada. Hii ya tatu inavutia lakini ndiyo yenye hatari ya kukosea, kwa sababu baadhi ya mifano imekatazwa kwa jina lake na hakuna kitako kitakachoiokoa. Hapo asitegemee maelezo ya muuzaji wa dukani, wala yangu. Aende kwa wakili wa California anayeshughulika na sheria za silaha, apeleke jina kamili la kiwanda na la mfano kama lilivyochongwa kwenye chuma, na aombe jibu kwa maandishi. Sheria hizi zinapiganiwa mahakamani tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2022 kuhusu vibali vya kubeba silaha vya New York. Mwezi Juni 2025 mahakama hiyo ilikataa kusikiliza kesi ya marufuku ya Maryland, na bado kesi nyingine ziko njiani. Ninachokuandikia leo kinaweza kuchakaa kabla hajafunga mizigo.

Na kama ameshavuka nayo wakati unasoma haya, asizunguke nayo kwenye gari na asijipeleke kituoni nayo mkononi kwa nia njema. Ampigie wakili kwanza, leo.

Akianza kufungasha, aanze na magazini. California hairuhusu kuingiza zinazochukua zaidi ya risasi 10, hata kama bunduki yenyewe imebaki Texas. Watu hukumbuka bunduki kwa sababu ni kubwa. Magazini husahauliwa kwenye begi la michezo.